Je, jirani mwenye maslahi yake anaweza kuwa msuluhishi?

Wakala wa Kurasini (mleta mada)
Wanajamvi, salaam. Mimi ni wakala wa forodha, na shehena nyingi ninazozitoa bandarini huenda Kongo na Burundi. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, makontena mawili ya mabati ya mteja wangu wa huko yalikuwa bandari kavu, tozo za uhifadhi zikipanda kila kukicha na simu ya mteja haipatikani. Tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana hapa hapa Dar es Salaam, wakataka mapigano yasitishwe bila masharti na wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Wiki moja baadaye Bukavu nayo ikaanguka. Ninachouliza ni hiki: jirani mwenye askari wake katika vita hivyo, au anayetuhumiwa kuwaunga mkono waasi kama Rwanda, anasuluhisha nini?

Mstaafu wa Upanga
Kijana wangu, umeuliza vizuri, ila kipimo chako cha wiki moja ni kifupi mno. Nilikuwa karani wa shehena relini mwaka 1996, Meja Buyoya alipotwaa madaraka Burundi tarehe 25 Julai. Kabla mwezi haujaisha majirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo, na daftari langu la mabehewa ya Kigoma likabaki na kurasa nyeupe upande wa Bujumbura. Nguvu hiyo ya kufunga lango la nchi isiyo na bahari, msuluhishi wa mbali hana.

Mazungumzo yalianza Arusha Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, vikwazo vikasimamishwa Januari 1999, Mwalimu akafariki Oktoba mwaka huo, Mandela akapokea kijiti, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Hata hapo vita havikuisha, kwa sababu makundi ya waasi ya CNDD-FDD ya Nkurunziza na FNL, waliokuwa na bunduki msituni, hawakuwamo. Mikataba yao ya kusitisha mapigano ilikuja kutiwa saini hapa Dar es Salaam, mmoja Novemba 2003 na mwingine Septemba 2006. Wala usidhani sisi tulionekana wasafi, maana Serikali ya Buyoya ilitutuhumu kwamba waasi wanajificha katika kambi zetu za wakimbizi.

Binti wa Kasulu
Shikamoo mzee. Kwa heshima naomba nikupinge kuhusu vikwazo. Nilikuwa mtoto Kasulu wakati huo, na usiku tuliona baiskeli zikielekea Manyovu, mpakani na Burundi, na madumu ya petroli, baba akitukataza kuuliza ni za nani. Wenye magendo walijenga nyumba, mwananchi wa kawaida wa Burundi akakosa sabuni.

Mfano ninaouamini zaidi ni Kenya mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi. Mzee Mkapa alikuwa katika jopo la usuluhishi la Kofi Annan pamoja na Graça Machel, na mazungumzo yalipokwama Rais Kikwete, akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikwenda Nairobi. Tarehe 28 Februari Kibaki na Odinga wakatia saini makubaliano ya kugawana madaraka. Tanzania haikuwa na askari katika ugomvi ule, na pande zote zilijua hivyo. Kongo tulikuwa na wanajeshi katika kikosi cha SADC.

Wakala wa Kurasini
Hoja ya waliobaki nje ya meza imenikaa. Kinshasa na M23 walipangiwa kukutana Luanda tarehe 18 Machi 2025. M23 wakajitoa siku moja kabla, na tarehe 18 yenyewe Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda wakakutana Doha, Qatar. Qatar haipakani na Kongo, lakini iliwakutanisha.

Mstaafu wa Upanga
Marahaba binti yangu, kwenye magendo umenishinda. Qatar nayo naiheshimu, lakini mkataba wa Doha hautekelezwi Doha. Atakayefungua mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda mkabala na Goma, atakayewarudisha wakimbizi na atakayeona kama askari wameondoka kweli ni sisi tuliopo hapa, tuwe na maslahi tusiwe nayo. Mabati yako je, yalifika?

Wakala wa Kurasini
Hayakufika, mzee. Mteja alipopatikana aliniruhusu niyauze, tukalipa ushuru wa ndani, yakaenda Mbeya kwa hasara.