Tupeane uzoefu: kutoka Mtwara hadi ng'ambo, safari yako ilikula masaa mangapi?

Mwana Mikindani: Habari za jioni ndugu zangu wa Kusini. Mwezi ujao nampeleka mama Mumbai kwa matibabu. Mtwara–Dar ni kama km 400 kwa mstari wa angani, Dar–Mumbai kama km 4,700. Kwa hesabu ya ndege tu napata masaa saba hivi, lakini najua siyo hayo peke yake. Mama ana miaka 71, akikaa sana miguu inavimba. Mliokwenda mbali, nielezeni kuanzia mlangoni kwenu mpaka mlango mliofikia.

Binti Tandahimba: Mimi nilifuata mzigo wa nguo Guangzhou. Kutoka Dar ni kama km 8,700, angani masaa 11 hivi. Ila nilitoka Tandahimba saa kumi na moja alfajiri, nikasubiri Mtwara, nikasubiri Dar, nikasimama foleni ya uhamiaji kule. Mpaka naweka begi hotelini yametimia masaa 31. Halafu usitoe muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika, utadanganyika. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pale, na China wako mbele yetu masaa matano.

Baba Ligula: Kaka, pole na mama. Nilimpeleka marehemu baba India, na hili bado linaniuma. Tulikata tiketi mbili mbalimbali. Ndege ya kutoka Mtwara ikachelewa masaa manne, ya India ikatuacha. Kampuni ya pili ikahesabu kwamba hatukutokea, nauli ikapotea. Baba akalala kwenye viti vya uwanjani, nimemfunika shuka la mama. Kwa hiyo ukiweza kata tiketi moja ya safari nzima, ukishindwa tangulieni Dar siku moja kabla. Kiti cha magurudumu kiombe siku ya kukata tiketi, usingoje kufika uwanjani. Mama akae upande wa njia ili ainuke atembee bila kuomba ruhusa. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, begi kubwa linaweza kubaki nyuma. India wako mbele masaa mawili na nusu, hiyo nusu ndiyo inachanganya saa za dawa. Mimi saa yangu ya mkononi sikuibadilisha hadi tulipofika hospitali.

Mmasasi: Soma tiketi kwa utulivu. Yangu iliandikwa 04:30, nikaichukulia saa nne na nusu asubuhi. Dada ndiye aliyenishtua kwamba ni saa kumi na nusu alfajiri. Jingine: Doha–New York, kama km 10,800, kwenda ni masaa 14 hivi, kurudi karibu 12 na nusu. Kule juu upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukirudi unakusukuma.

Wa Lindi: Sisi tunaanza kwa kuja Mtwara, zaidi ya km 100 za barabara. Mkiamua kwenda Dar kwa basi, ulizieni mvua kwanza. Mei 2024 barabara ilikatika Somanga, watu wakakwama.

Mwana Mikindani: Ahsanteni sana, Baba Ligula hasa. Nimerudi kwa wakala, tunaondoka Jumanne, ndege ya Mumbai ni Jumatano usiku, tutalala kwa shangazi Temeke. Mama amesomewa yote haya. Kaitoa sandukuni saa ya marehemu baba, anasema atakwenda nayo ikiwa kwenye majira ya Mtwara.