Mama ana presha ya macho, matone miezi 3 haoni nafuu. Aache?

Mwambao_wa_Kati
Wakuu, shikamooni wakubwa, na habari kwa rika langu. Naomba ushauri wa wanaoijua fani hii.

Mama ana miaka 63, tuko Tanga. Vipimo vya kwanza: presha jicho la kulia 34, la kushoto 28. Kwenye kadi wameandika C/D 0.9 kulia, 0.6 kushoto. Akaanzishiwa timololi 0.5% asubuhi na jioni, na latanoprosti usiku. Juzi, baada ya miezi 3, kapimwa tena: 22 na 17. Daktari kasema aendelee, na kwa jicho la kulia tufikirie leza au upasuaji.

Mama mwenyewe haoni tofauti yoyote. Macho yanamuwasha na kuwa mekundu, chupa ya timololi inaisha ndani ya wiki 2, hela inatoka tu. Shoga yake alitolewa mtoto wa jicho na sasa anasoma msahafu, kwa hiyo mama anauliza kwa nini yeye anapewa maji ya chupa. Anataka kuacha.

Swali la pembeni: mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB, anataka kusomea macho. Anayepima miwani na daktari wa macho ni njia moja?

Dirisha_la_Kaskazini
Asiache, mkuu. Hizo namba ulizoweka zinaonyesha dawa inafanya kazi: 34 hadi 22 ni pungufu ya asilimia 35 hivi, na kushoto ni karibu 39.

C/D ni hivi. Nyuma ya jicho, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unaonekana kama kisahani chenye kishimo katikati. 0.9 maana yake kishimo kimekula sehemu tisa kati ya kumi za upana wa kisahani, nyuzi zilizobaki ni ukingo mwembamba. Zilizokufa hazioti tena, na hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Mweleze mama kwa taa ya chemli. Mtoto wa jicho ni kioo kilichojaa masizi: kinabadilishwa, mwanga unarudi. Presha ya macho ni utambi unaoisha, na matone yanazuia uliobaki usiishe. Kwa hiyo kutoona tofauti baada ya miezi 3 ndiyo matokeo mazuri yenyewe. Akiacha hatasikia maumivu yoyote, na hapo ndipo ugonjwa huu unapodanganya watu: unakula pembeni kwanza, mtu anaanza kujigonga kwenye milango wakati bado anasoma vizuri.

Ila daktari wenu yuko sahihi kuhusu jicho la kulia. Watu hutajiwa kiwango cha kawaida cha 10 hadi 21 wakadhani 22 imekaribia kutosha. Kwa mshipa ulioliwa kiasi hicho, wataalamu wengi hutaka presha ishuke chini ya 15.

Mbogamboga
Karoti mbichi kila asubuhi, juisi. Macho yanarudi.

Dirisha_la_Kaskazini
Karoti zina kazi kwa mtu aliyepungukiwa vitamini A. Hazishushi presha ya jicho hata nukta moja. Ale kama anazipenda.

Dawa_Kaunta
Mimi nauliza kuhusu chupa. Timololi ya mililita 5 ina matone 100 au zaidi. Macho mawili, mara mbili kwa siku, ni matone 4. Inatakiwa ikaribie mwezi mzima. Ikiisha wiki 2, kuna mkono unaominya mara mbili. Anaweka tone ngapi? Anasubiri muda gani kati ya dawa moja na nyingine? Latanoprosti mnaiweka wapi? Na muhimu kuliko yote: ana pumu, au anatumia dawa gani nyingine?

Mwambao_wa_Kati
Mkuu umejuaje! Anaweka mawili mawili "ili liingie vizuri". Usiku anazifuatanisha hapo hapo, timololi ya jioni huisahau mpaka anapolala. Latanoprosti iko kabatini jikoni. Hana pumu, ila anatumia atenololi kwa presha ya kawaida.

Dawa_Kaunta
Basi tuanze na atenololi. Hiyo na timololi ni ukoo mmoja, zote zinapunguza mapigo ya moyo, na timololi ya jichoni hupita kwenye tundu la machozi hadi puani, kisha kwenye damu. Mhesabie mapigo kwenye kifundo cha mkono dakika 1 nzima akiwa ametulia. Yakiwa chini ya 60, mwambie daktari. Akiwa na kizunguzungu au amezimia, mpelekeni siku hiyo hiyo. Msikatishe dawa yoyote kienyeji, ila daktari wa macho lazima ajue kuhusu atenololi. Wagonjwa wengi hawataji kwa kudhani jicho na moyo havihusiani.

Sasa namna ya kuweka. Anawe mikono, ainue kichwa, avute kope la chini liwe kama mfuko, aangalie juu, adondoshe tone 1. Mfuko huo haubebi zaidi ya tone moja. La pili linamwagika shavuni. Ncha ya chupa isiguse kope, vijidudu vitaingia ndani. Kisha afumbe jicho taratibu bila kupepesa, abonyeze kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 2. Hapo tundu la machozi linaziba, dawa inabaki jichoni na moyo unapata kidogo. Dawa ya pili ingoje dakika 5, vinginevyo inaisukuma nje ya kwanza.

Wekundu mara nyingi ni latanoprosti, na kwa kawaida hupungua. Kope zake zitarefuka pia, asishangae. Msiende dukani kununua "dawa ya wekundu": nyingi zina deksamethasoni au betamethasoni, na hizo zinapandisha presha ileile mnayoishusha. Hii ndiyo inanikera kuliko yote katika kazi hii.

Leza_na_Makasi
Kuhusu leza: hospitali ya KCMC, Moshi, walilinganisha leza ya aina ya SLT (inayosaidia maji ya jicho yatoke) na matone ya timololi, matokeo yakachapishwa 2021. Baada ya mwaka 1, leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Anakaa mbele ya mashine, anawekewa tone la ganzi, dakika chache kaondoka. Nguvu yake hufifia kadiri miaka inavyopita, inaweza kurudiwa.

Upasuaji, trabekulektomi, unatengeneza mlango mdogo wa maji ya jicho kutokea chini ya kope la juu. Ulizeni mapema nauli ya kurudi kliniki mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo, maana mlango ukianza kujifunga ndipo unapookolewa. Kuona kunaweza kuwa na ukungu kwa wiki kadhaa, mwambieni kabla asije akadhani kaharibiwa. Na hata miaka ikipita, jicho hilo likiwa jekundu, likauma au kutoa usaha, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe pia, mleta uzi. Watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Pimwa presha na mshipa. Presha peke yake haitoshi, ukiwa na kioo cha mbele ya jicho chembamba mashine inasoma chini ya ukweli.

Kwa mdogo wako: njia mbili. Optometristi anapima, anaandika miwani, anagundua ugonjwa na kumpeleka mgonjwa mbele, hapasui. Hiyo inasomwa Moshi, na kwa majirani kuna vyuo vya Masinde Muliro pale Kakamega, Kenya, na Makerere, Uganda. Daktari bingwa anapita udaktari wa miaka 5, mwaka 1 wa mazoezi kazini, ndipo umahiri wa macho, chuo cha MUHAS Dar au Moshi, miaka 3 au zaidi. Kama fizikia ya mwanga ilimshinda, optometria itamtesa.

Mwambao_wa_Kati
Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: umeuliza latanoprosti tunaiweka wapi, kama inataka baridi, nyumbani hatuna friji. Tufanyeje?

Dawa_Kaunta
Ndiyo, inataka baridi. Nunueni chupa 1 tu ya latanoprosti kwa wakati, kutoka duka linaloitunza kwenye friji. Mkiifungua andikeni tarehe kwa kalamu, wiki 4 itupwe hata kama imebaki. Jikoni itoke leo. Chukueni vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jazeni mchanga mbichi na muuloweshe asubuhi na jioni. Chupa ifungwe kwenye mfuko wa nailoni isilowe, ikae ndani, kitambaa kibichi juu, pahali penye kivuli na upepo.