Ngoma zangu zinanyong'onyea kwenye seti, lebo kimya: nianze na u-DJ au uprodyuza?

mdundo_wa_nne

Wakuu, salaam. Natengeneza muziki wa house wa BPM (mapigo kwa dakika) 122 hadi 125 na nataka iwe kazi, si mchezo wa wikiendi. Nakwama mahali patatu. Kwanza, ngoma yangu ikifuata ya mtu mwingine kwenye seti inanyong'onyea: kwenye hedifoni besi imejaa tele, kwenye spika kubwa haipo, na nikiongeza gaini (kiwango cha sauti inayoingia) mixa inawaka nyekundu bila sauti kukua. Pili, baadhi ya mafaili CDJ, ile pleya ya ma-DJ, inayakataa kabisa ilhali kompyuta inayacheza bila shida. Tatu, demo (nyimbo za kuonjesha) natuma, lebo (kampuni zinazotoa muziki) hazijibu. Nisukume u-DJ kwanza au utengenezaji? Na haki za nyimbo zisajiliwe kabla ya kutoa au baada?

fundi_besi

Besi inayosikika kwenye hedifoni na kuyeyuka klabu, mara nyingi chanzo ni upana wa stirio. Kwenye hedifoni upande wa kushoto na wa kulia haukutani. Klabu, spika za besi kwa kawaida hulishwa mono, yaani pande mbili zikiunganishwa kuwa moja, na kama besi umeiwekea korasi au plagini ya kupanua, mawimbi ya pande mbili yanafutana. Kipimo chake: weka plagini ya mono kwenye masta (chaneli ya mwisho ambako sauti zote zinakutana), washa, zima, washa tena. Besi ikishuka ukiwasha, umempata mchawi. Igawe njia mbili: chini ya 120 Hz liwe wimbi safi la sine, mono, bila efekti yoyote; juu ya hapo pamba upendavyo.

Kisha angalia nota. E ya chini ni kama 41 Hz, F ni 43.7, G ni 49. Ukishuka hadi C ya 32.7 Hz, spika nyingi hazifiki huko kwa nguvu, kwa hiyo unajaza masta kwa kitu ambacho ukumbi hausikii. Hiyo nayo inachangia nyekundu unayoiona.

Urefu wa kiki, yaani pigo zito la ngoma, ni jambo linalosahaulika sana. Kwa BPM 124, pigo moja lina milisekunde 484. Kiki yenye mkia wa milisekunde 400 haiachi besi pa kupita. Ikate hadi 200 au 250, na rilisi ya saidicheni (muda wa besi kurudi juu baada ya kiki kuishusha) uianzie kati ya milisekunde 120 na 180, halafu urekebishe kwa sikio. Kuza picha ya wimbi hadi uone mwanzo wa kiki na wa besi: moja ikipanda wakati nyingine inashuka, geuza polariti (juu iwe chini) ya mojawapo na ubaki na upande ulio mnene zaidi.

Kuhusu gaini: taa nyekundu inawashwa na vilele, sikio linapima wastani. Punguza vilele vya kiki na snea kwa klipa laini (plagini inayokata vilele) kwenye chaneli zake, dB 2 au 3, kabla havijafika masta. Ukiiachia limita ya mwisho (inayozuia sauti isivuke kikomo) imeze dB 8 peke yake, inaiponda kiki yenyewe, na hapo ndipo unyonge unapozaliwa.

fleshi_mbili

Mimi nijibu la mafaili. Programu nyingi za kutengenezea muziki zinaruhusu kutoa WAV ya biti 32 float. CDJ haziisomi, nyingi zinaonyesha kosa E-8305. Toa biti 24, 44.1 kHz. Kama ni biti 24 na bado inagoma, shida iko kwenye kichwa cha faili la WAV, ambacho baadhi ya programu hukiandika kwa muundo mpana usioeleweka na mashine za zamani. Ligeuze kuwa AIFF, hakuna sauti inayopotea, na jina la msanii na picha hubaki mahali pake kuliko kwenye WAV. Faili la 96 kHz nalo litakataliwa na CDJ za zamani.

Fleshi iwe FAT32, si NTFS. Nyimbo usiziburute tu kwenye fleshi. Zichambue kwenye rekordbox (programu ya kuandaa nyimbo za CDJ), hakikisha mstari wa pigo la kwanza umekaa juu ya kiki halisi, kisha uzihamishe kutoka humo humo. Fleshi ya pili yenye vitu vilevile ikae mfukoni. Kuchomoa bila kuitoa kwa utaratibu kunaharibu orodha nzima, na ukumbini hakuna muda wa kuijenga upya.

Na hapa prodyuza na DJ wanakutana: muundo wa wimbo. DJ mwenzako anataka baa 32 za mwanzo zenye midundo tu, yaani kama dakika moja kwa BPM 124, na mwisho wa namna hiyo hiyo. Ukianza na kinanda sekunde ya kwanza, kinagombana na wimbo unaotoka, labda ufunguo wake wa muziki (key) uwe jirani. Kumbuka pia kwamba kusogeza spidi kwa asilimia 6 bila kufunga ufunguo kunahamisha wimbo karibu nusu toni nzima.

karani_wa_mrabaha

Haki: kabla ya kutoa, bila mjadala. Kila wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi zinakusanywa kwa njia tofauti. Utunzi unausajili kwenye chama cha kukusanya mirabaha. Rekodi inabeba ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi), herufi na tarakimu 12. Toleo refu la DJ, toleo fupi na rimiksi kila moja lina yake. Msambazaji kwa kawaida hukupatia.

Siku wimbo unapokamilika, andikeni karatasi ya mgao: nani katunga, nani kaimba, asilimia ngapi, jumla 100, sahihi. Ikisubiri hadi wimbo upate wasikilizaji, kila mtu atakumbuka mchango mkubwa kuliko aliotoa.

Kipande cha wimbo wa mtu kinahitaji ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Lupu za pakiti unazonunua zinaruhusiwa, lakini si zako peke yako: wimbo uliojengwa juu ya lupu ambayo hukuibadilisha usiuweke kwenye Content ID (mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo), utaanza kudai video za watu wengine walionunua pakiti ileile.

Lebo sasa. Tuma nyimbo 2 au 3, si folda zima. Linki ya faragha inayofunguka bila kujisajili na inayoruhusu kupakua, usiambatishe faili. Chagua lebo ambayo matoleo yake ya karibuni ungeweza kuyaweka kwenye seti moja na wimbo wako. Ukituma house ya taratibu kwa lebo ya techno nzito, ukimya ndio jibu. Barua moja kwa anwani kumi zinazoonekana haisomwi. Kumbusha mara moja baada ya wiki 3 au 4, basi.

Mkataba ukija, tafuta kama ni leseni ya miaka kadhaa au ni kuuza rekodi moja kwa moja. Mgao wa nusu kwa nusu ni wa kawaida, ila ni nusu ya kilichobaki baada ya gharama, kwa hiyo gharama ziorodheshwe na ziwe na kikomo.

mwasha_ukumbi

Kwa swali la kipi kianze: vyote, kwa sababu tofauti. Wimbo unakufikisha usikofika mwenyewe. Seti ndiyo inayolipa, kwa wengi mapato ya kusikilizwa mtandaoni ni madogo mno. Anza kuomba saa za kufungua. Kazi ya mfunguzi ni kuujaza ukumbi bila kuuchosha: usipige vibao vikubwa vya usiku huo, na mkabidhi anayefuata tempo iliyo chini kidogo ya yake. Ukitoka, nobu za EQ (besi, kati na treble) ziwe katikati, efekti zimezimwa, mwambie BPM.

Makubaliano yawe kwa maandishi: saa, vifaa, nusu ya malipo mapema, nini kinatokea wakifuta. Masikio pia ni kifaa cha kazi: kwa 100 dB muda salama ni kama dakika 15 kwa siku, kwa hiyo nunua vizibo vyenye filta.

Kwa aliyosema fundi_besi kuhusu gaini, naongeza tu: mdundo_wa_nne, usifukuze namba. Wimbo wa -8 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti) unatosha kabisa, DJ ana nobu ya gaini. Spotify wataushusha hadi -14 hata hivyo.

mdundo_wa_nne

Shukrani wakuu. Kipimo cha mono kimeonyesha besi inashuka kweli, na nota ya msingi ni D, 36.7 Hz. Nikiipandisha oktavu moja haitakuwa nyepesi?

fundi_besi

Itakuwa, 73 Hz si uzito tena. Hamisha wimbo mzima nusu toni 3 juu, uwe F. Nota za MIDI zote, sampuli zenye melodi, na kiki pia kama ina toni. Sauti ya mwimbaji ndiyo ngumu: kwa nusu toni 3 itaanza kuwa ya kitoto, kwa hiyo tumia plagini inayolinda fomanti (rangi ya asili ya sauti) au arekodi upya.