Laptopu inawaka ikijisikia, na kila fundi dawa yake ni "tupige Windows". Nimechoka!

Wakuu, salaam. Mods nawaomba msiuunganishe huu uzi na zile za "naomba ushauri laptopu gani nzuri", maana mimi sitafuti ushauri wa kununua. Nilishanunua, nilishapigwa, na leo nimekuja kutoa povu. Mwenye haraka apite tu, uzi ni mrefu.

Mimi ni mhasibu wa mtaani. Nina kichumba cha ofisi Sinza, natengeneza hesabu za wafanyabiashara wadogo na wa kati: vipodozi, vifaa vya ujenzi, vipuri vya pikipiki. Kazi yangu inakwenda na kalenda. Tarehe 7 PAYE, yaani kodi ya mishahara, tarehe 20 ritani za VAT, na katikati hapo ni kufukuzana na risiti zilizofifia ambazo mteja anakuletea kwenye mfuko wa rambo. Laptopu kwangu si ya kuangalizia sinema. Ikigoma, sina jembe.

Mwezi wa tatu nikaenda Kariakoo kununua mashine iliyotumika, zile za kibiashara ambazo maofisi ya Ulaya wakishazichoka zinaletwa huku. Wanaozijua wanazijua: kibodi imara, bawaba hazilegei, kioo hakiakisi taa ya dari. Prosesa Core i5, SSD (diski yake) ya GB 256, RAM (kumbukumbu) GB 16. Bei sh. 750,000. Muuzaji, kijana mcheshi mwenye maneno ya kutosha, akanipigia bodi ya nje kwa vidole akasema, "Hiki bosi wangu ni chuma." Nikahesabu hela. Jina la duka silitaji, na kampuni iliyotengeneza mashine siitaji pia kwa sababu yenyewe haina kosa, mtaona mbele.

Wiki moja na nusu ikapita shwari. Halafu asubuhi moja nabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma kidogo, kioo cheusi tii. Nembo haitoki. Nasubiri. Hakuna kitu. Nabana kitufe mpaka izime, najaribu tena, vilevile. Mara ya nne au ya tano inawaka kama vile haijawahi kuumwa, na ikishawaka inapiga kazi mpaka jioni bila kukohoa. Kesho yake asubuhi, mchezo uleule.

Bora ingekufa kabisa! Kitu kilichokufa kila mtu anakiona. Hii ya kwangu inazimia mbele yangu na kufufuka mbele ya watu. Niliirudisha dukani nikiwa nimeikumbatia kwenye bodaboda toka Sinza, nikaiweka juu ya kaunta, kijana akabonyeza mara moja: ikawaka. Akazima, akawasha. Ikawaka. Mara ya tatu, ikawaka. Wateja wengine wananitazama kama tapeli. "Mbona inawaka bosi? Labda umeme wa kwako unacheza." Nikarudi nayo. Asubuhi ikagoma mara saba.

Hapo ndipo nikaanza safari ya mafundi.

Fundi wa kwanza, Kinondoni. Hakuniuliza inagoma vipi, inagoma saa ngapi, taa inafanyaje. Aliifungua, akapuliza vumbi, akachomoachomoa vitu na kuvirudisha, akafunga. Ikawaka. Badala ya kuishia hapo akasema, "Hii Windows imechoka kaka, tupige mpya." Nikatoka kwenda kula. Narudi, kafuta kila kitu. Hakuuliza kuna nini ndani! Nilikuwa na nakala kwenye fleshi, lakini ya wiki mbili nyuma. Wiki mbili za kuingiza ankara za watu zikaenda na maji. Sh. 30,000 nikalipa mimi, maana "kazi imefanyika". Ikawaka vizuri siku sita, ya saba ikarudia.

Sasa wakuu, naomba nieleze hili polepole, maana ndilo linalonichoma zaidi. Kompyuta ukiibonyeza, haianzi na Windows. Inaanza kujikagua yenyewe: umeme upo, prosesa ipo, kumbukumbu inajibu, kioo kipo. Hiyo ni kazi ya BIOS, programu ndogo iliyoko kwenye chipu ya bodi, ile sahani kuu ya ndani. Ikiridhika ndiyo inatoa nembo, na kwa kawaida baada ya hapo ndiyo inakwenda kwenye SSD kuiamsha Windows. Kama mashine inaganda kabla hata nembo haijatoka, Windows bado imelala fofofo huko ndani. Unampigaje mtu aliyelala kwa kosa la bawabu wa getini? Kuna kipimo chepesi mno: chomoa SSD kabisa, halafu washa. Mashine isiyoumwa itatoa nembo, kisha italalamika kwamba haioni diski ya kuanzia. Ikibaki nyeusi hata bila SSD, Windows haina kesi. Kipimo hicho ni dakika kumi na bisibisi moja. Kati ya mafundi watatu hakuna aliyekifanya.

Fundi wa pili alikuwa na nafuu, angalau alisoma maandishi. Akageuza chaji akaniambia, "Kaka, umepewa chaji ya mtoto." Kweli. Mashine yangu inataka wati 65, yaani volti 19.5 na ampia 3.34. Niliyopewa dukani ilikuwa ampia 2.31, wati 45. Yule chuma wa Kariakoo alinichanganyia hata chaji! Nikanunua ya wati 65 kwa sh. 45,000. Fundi akafungua kukagua betri, akafunga, nikaondoka nikiwa na furaha. Siku nne. Chaji ndogo inaweza kuichosha mashine, ikachaji kwa kusuasua na kufanya kazi taratibu, lakini huo haukuwa ugonjwa wenyewe.

Wa tatu sitaki hata kumkumbuka. Aliiangalia dakika mbili akasema bodi ina chipu imeachia, lazima "aichemshe" kwa ile bunduki ya hewa ya moto, sh. 80,000, na hatoi uhakika. Nikamwuliza umepima nini? Akasema uzoefu. Jamani, hewa ya moto juu ya bodi ambayo hujaipima ni kubahatisha kwa hela ya mwenzako. Hata ikifufuka, mara nyingi inafufuka kwa muda tu, na ukiunguza kilichokuwa kizima ndiyo imetoka hiyo. Nikaibeba mashine yangu.

Tarehe 20 ikanikuta hivyo. Saa mbili asubuhi nina ritani nne hazijatumwa, nabonyeza, nyeusi. Saa tatu, nyeusi. Dada mwenye duka la vipodozi anapiga simu kila robo saa, "Kaka mhasibu, vipi, imeenda?" Nimwambie nini? Saa tano na nusu nikafunga ofisi, nikaenda kukaa kibanda cha intaneti na kundi la watoto wanaocheza gemu, nikatuma ritani za watu huku wananipigia kelele za goli masikioni. Zilifika. Lakini siku ile niliapa sitampa fundi tena hata mia mpaka nijue mwenyewe mashine inaumwa nini.

Nikachukua daftari la hesabu, nikachora safu. Tarehe, saa, chaji imechomekwa au la, imegoma mara ngapi kabla ya kuwaka. Mhasibu ni mhasibu. Baada ya siku kumi na tatu picha ikaanza kutoka. Chaji iwepo isiwepo, inagoma vilevile, kwa hiyo chaji na soketi nikaziweka pembeni. Saa ya ndani haikurudi nyuma hata siku moja, basi nikaacha kuishuku na ile betri ndogo ya duara, CR2032, ya bodi. Inagoma zaidi asubuhi ikiwa imepoa usiku kucha, na inagoma vibaya zaidi nikiwa nimetoka nayo kwenye daladala. Na hili sasa ndilo lililonifumbua macho: kila ilipofunguliwa na fundi, ilikaa sawa siku kadhaa. Si Windows iliyoitibu, na si chaji. Ni kule kuchomoa na kuchomeka tu!

Cha pili, taa. Mashine nyingi za kibiashara zikishindwa kuwaka hazikai kimya, zinasema. Nyingine zinapiga mlio, nyingine zinapepesa taa kwa hesabu maalumu, na kila mtengenezaji ana jedwali lake kwenye kitabu cha modeli, kinachopatikana bure kwenye tovuti yake. Nikairekodi kwa simu, nikairudisha polepole. Mara 2 rangi ya chungwa, kisha mara 4 nyeupe, halafu inarudia. Nikapakua kitabu cha modeli yangu, nikatafuta 2 na 4: hitilafu ya kumbukumbu. RAM. Mashine ilikuwa inapiga kelele "RAM, RAM, RAM" mbele ya watu watatu wanaojiita mafundi na hakuna hata mmoja aliyehesabu. Mmoja aliiona taa ya chungwa akasema betri imechoka!

Jumamosi nikafungua mwenyewe. Nilizima, nikatoa chaji, nikachomoa waya wa betri ndani, nikabana kitufe cha kuwashia kama nusu dakika umeme uliobaki uishe. Hatua hiyo msiiruke. Ndani nikakuta RAM mbili, kila moja GB 8. Moja ina lebo safi, modeli, kasi, kila kitu. Nyingine lebo imebanduliwa, imebaki gundi. Hapo nikacheka kwa hasira. Mashine ilitoka kwao na GB 8, hawa wa kwetu wakatafuta RAM jalalani wakaipachika ili wauze "GB 16".

Nikasugua zile meno za dhahabu kwa raba safi ya penseli, taratibu, nikafuta vumbi la raba, nikarudisha zote mbili. Iligoma. Basi nikazijaribu moja moja, kila moja kwenye kila nafasi. Yenye lebo: nafasi ya kwanza inawaka, ya pili inawaka. Isiyo na lebo: nafasi ya kwanza nyeusi, nafasi ya pili ikawaka mara moja kati ya sita. Kwa hiyo nafasi za bodi ni nzima, mbovu ni RAM. Ile mara moja iliyowaka nikaandika mdsched, kipimo cha kumbukumbu kilichomo humo humo kwenye Windows, nacho kikatoa ripoti ya hitilafu ya maunzi, yaani kifaa chenyewe, si programu. Niliipiga picha.

Leo ni siku ya kumi na moja natumia RAM moja ya GB 8. Asubuhi kumi na moja, mbonyezo mmoja, nembo. Mafaili makubwa yanavuta kidogo, ila inawaka.

Mngedhani kesi imeisha. Juzi nikampigia kijana wa dukani, kwa ustaarabu kabisa, nikamweleza. Jibu lake: "Ulifungua mwenyewe bosi? Basi umeshaharibu waranti." Waranti gani? Uliniandikia wiki mbili "tatizo la bodi tu", na ndani ya wiki hizo mbili nilikuletea ukaniaibisha mbele ya wateja! Akaongeza kwamba ukutani pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao cha ukutani kimekuwa bunge siku hizi. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomgusa mlaji moja kwa moja, na FCC, Tume ya Ushindani, wapo. Mtu akikuuzia GB 16 ambazo nusu yake ni takataka iliyobanduliwa lebo, hiyo si "imeharibikia mkononi mwako".

Na kabla hamjaniuliza kwenye koment: ndiyo, risiti niliyonayo ni ya kuandikwa kwa kalamu. Alinipunguzia elfu ishirini nisidai ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi. Mhasibu. Ninayewahubiria wateja wangu risiti kila mwezi. Nichapeni tu, nastahili.

Ninachohitaji kwenu ni vitu viwili. Mwenye kujua bei ya haki ya RAM ya laptopu DDR4, GB 8, yenye lebo yake, aseme, na aseme ya dukani, si ya "naijua sehemu". La pili, kuna aliyewahi kupeleka shauri la namna hii FCC akiwa na risiti ya mkono tu? Walikusikiliza?

Kesho saa nne nipo Kariakoo. RAM yao iko kwenye bahasha, video ya taa iko kwenye simu, daftari liko kwenye begi. Naenda na mashine, na bisibisi naibeba. Akiniambia tena "mbona inawaka", naipachika RAM yake mbele ya hao hao wateja na kumpa kitufe abonyeze mwenyewe. Nitarudi hapa jioni.