Land Cruiser HJ60 ya 1986 inanimalizia betri, tatizo liko wapi?

Mtemi wa Isevya (Tabora)
Mwangaluka wakuu. Mwaka jana nilijitoa akili nikaagiza HJ60 kutoka Japani, injini 2H, silinda sita. Tulipokuwa wadogo kule Sikonge kulikuwa na moja ya misheni, tulikuwa tunaikimbilia kuisukuma hata kama haijakwama. Nikajiapiza nami nitakuwa nayo. Na mizinga yangu ya nyuki iko porini kupita Ipole, masika gari ndogo haifiki.

Sasa inakula betri. Nimeshanunua tatu. Asubuhi nawasha, inalia "ng'ee" mara moja, kimya. Gari ina betri mbili, na ajabu ni kwamba inayokufa ni ya kushoto tu. Ya kulia ni ile ile iliyokuja na gari, ila inakunywa maji kama ng'ombe, kila wiki naiongezea. Fundi wa kwanza alisema alteneta haichaji, wa pili stata, wa tatu akanishauri niuze gari. Nani ameshapitia hili?

Mwana Gungu (Kigoma)
Pole mkuu. Kabla ya betri, hebu tuambie kodi ilikuwaje, maana na mimi naitamani hiyo kitu.

Mtemi wa Isevya
Kaa chini kwanza. Chukulia gari mpaka inafika bandarini ni 100. Ushuru wa forodha 25%, inakuwa 125. Juu ya hiyo 125 unapigwa 10% kwa injini kuzidi cc 2000, halafu 30% ya uchakavu kwa kuwa imepita miaka 10. Umefika 175. VAT 18% inakatwa juu ya hiyo 175. Kodi peke yake 106 na ushee, tozo ya reli hujaigusa. Na usitegemee risiti yako ya Japani, TRA wana thamani zao kwenye kikokotoo. Anza na hicho, ndipo utafute gari.

Fundi wa Malori Ipuli
Mkuu, nani alikufungia redio?

Dizeli hizo zilizouzwa kwa Wajapani wenyewe zilikuwa za volti 24. Hapo una betri mbili za 12 zilizoungwa kwa kufuatana. Mafundi wetu wamezoea Land Cruiser mkonga za volti 12, wakiona betri mbili wanadhani moja ni ya akiba. Redio ni ya volti 12, basi mtu anavuta waya kwenye betri moja, muziki unalia, analipwa anaondoka. Betri hiyo inanyonywa peke yake. Alteneta inaona jumla tu, haijui kwamba mmoja ana njaa na mwenzake anavimbiwa. Ndiyo maana ya kulia inachemka maji.

Zima gari usiku, asubuhi pima kila betri peke yake. Ukikuta zimeachana sana, fuata waya mwembamba wowote unaotoka katikati, pale betri zinapoungana. Ung'oe. Redio ipitie konveta ya kushusha 24 kuwa 12, ichukue umeme ncha hadi ncha ya betri zote mbili. Halafu nunua betri mbili za aina moja, siku moja. Usiozeshe mpya kwa kikongwe.

Balbu tafuta maduka ya vipuri vya Fuso, za Prado ni za volti 12, zitaungua siku hiyo hiyo.

Mwana Gungu
Kwa kodi hiyo bora nitafute Landrover 109 iliyochoka hapa hapa nchini. Bodi ni aluminiamu, haili kutu.

Fundi wa Malori Ipuli
Bodi sawa, chesisi je? Ile ni chuma. Lala chini uigonge kwa nyundo kabla hujatoa hela.

Mtemi wa Isevya
Nimepima leo alfajiri. Kushoto 11.3, kulia 12.9. Nyaya nyembamba mbili pale katikati. Moja ya redio, kweli. Ya pili ni ya taa ya nyuma ninayotumia kurina asali usiku, na hiyo niliifunga mwenyewe, fundi simsingizii. Nimezing'oa zote. Konveta hapa mjini nikiuliza naletewa vifaa vya sola, mwenye kujua duka aniambie.