Naomba ushauri: kulinganisha takwimu za wilaya zilizogawanywa Karamoja

Ndugu wanachama, salaam. Ninaongoza utafiti wa kisera kuhusu maendeleo ya jamii za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na nimekwama kwenye mipaka: sensa ya 2014 ilifanyika kabla Nabilatuk haijamegwa kutoka Nakapiripirit mwaka 2018 na Karenga kutoka Kaabong mwaka 2019, ilhali sensa ya 2024 inazihesabu kama wilaya kamili. Nimejaribu kuoanisha kaunti ndogo mojamoja, lakini baadhi yake nazo zimegawanywa. Wafadhili wanataka jedwali moja tu, ambalo kwa maoni yangu litaficha mengi.

Je, nirudi kwenye mipaka ya 2014, hata kama viongozi wa wilaya mpya hawatajiona humo? Na mfugaji aliyehama na ng'ombe kiangazi, nimhesabu alikolala au kwenye manyatta yake?