Mrejesho: tumbo kuwaka moto nikiwa na njaa

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kuhusu maumivu ya chembe cha moyo yanayozidi usiku na tumbo likiwa tupu. Mlionisisitiza nipime choo badala ya kuendelea kubugia dawa za kutuliza asidi mlikuwa sahihi: bakteria wa H. pylori walionekana. Nikapewa antibayotiki mbili pamoja na omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni), dozi ya siku 14. Mdomo ulikuwa mchungu kama shubiri, ila nilimaliza. Maumivu yameisha, na kipimo cha marudio (hufanywa angalau wiki 4 baada ya antibayotiki) kimetoka safi.

Kiungulia bado kipo, hasa nikilala mara tu baada ya kula. Kuinua kitanda upande wa kichwani kumepunguza kidogo. Maziwa, jamani, hayakusaidia kitu.